Mlinzi Aliyenyamaza

(Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: Ezekieli 33:1-9)

Sisi tunasema nanyi kutoka Tudor, hapa kisiwani Mombasa, na asubuhi hii tunataka kuwaza pamoja nanyi juu ya kazi ya mlinzi.

Mungu alimpa nabii Ezekieli mfano wa mji na mlinzi wake. Watu wa mji humchagua mmoja wao, wakamweka mahali pa juu. Hakuwekwa pale ili apigane na adui peke yake, wala hana uwezo wa kumzuia asije. Kazi yake ni kutazama, na akiona hatari, kupiga tarumbeta. Akipiga, na mtu akasikia akapuuza, lawama ni ya huyo aliyepuuza. Lakini akiona akanyamaza, na mtu mmoja tu akapotea, Mungu atamdai mlinzi hesabu ya mtu yule.

Habari hiyo tulikuwa tumeisoma mara nyingi kanisani bila kutushtua. Ilitushtua Jumapili moja.

Jumapili hiyo ilikuwa tarehe 26 Desemba 2004, siku ya pili ya Krismasi. Sisi wazee wa ushirika tulikuwa tumeamka mapema, tukanywa chai na mahamri yaliyobaki, na redio ikisema mezani. Watatu kati yetu tuliisikia taarifa ya habari: tetemeko kubwa la ardhi huko Sumatra, na bahari imepanda juu ya nchi kavu huko Sri Lanka na India. Tulisikitika, tukasema, "Maskini watu wale," kisha tukavaa tukaenda ibadani.

Baada ya mahubiri yakaja matangazo. Kiongozi wa vijana akasimama akasema kwamba matatu mbili zimekwisha kukodiwa, na vijana wote, pamoja na watoto wa shule ya Jumapili, watakwenda kula Krismasi yao ufuoni Bamburi. Sisi watatu tulikuwa tumeketi mbele pale pale. Bahari iliyokuwa ikiua watu India ndiyo bahari ile ile watoto wetu waliyokuwa wakiendea kuoga. Tulijua hivyo. Walakini hakuna hata mmoja wetu aliyeinua mkono. Mmoja alifikiri kwamba Asia ni mbali. Mwingine aliogopa kuchekwa. Wa tatu alisema moyoni, "Kama ni jambo la kweli, serikali itatangaza." Tukaimba wimbo wa mwisho, tukawapungia watoto mkono.

Mchana askari polisi walipita ufuoni wakiwaamuru watu watoke majini waende zao. Vijana wetu walirudi Tudor kabla ya alasiri, wamenuna, na sufuria ya pilau haijaguswa. Tuliposikia habari kamili tulikaa kimya. Siku ile waliokufa katika nchi zote zilizopigwa na tsunami walipita 200,000. Somalia peke yake walikufa watu karibu 300. Tanzania walikufa zaidi ya kumi. Kenya alikufa mtu mmoja. Hapa kwetu ulikuwa wakati wa bamvua, lakini kwa rehema za Mungu mawimbi yalifika maji yakiwa bado hayajajaa.

Ndugu msikilizaji, sikiliza sasa jambo ambalo tulilijua baadaye, nalo halikutupa usingizi. Tetemeko lile, la kipimo cha 9.1, lilitokea saa kumi kasoro dakika moja alfajiri kwa saa zetu. Mitetemo ya ardhi husafiri upesi kuliko mawimbi ya maji. Kilima Mbogo, karibu na Thika, kuna chombo cha kupimia mitetemo, nacho kimeungwa na vyombo vingine vya namna hiyo duniani kote. Kutoka Sumatra hata pale, mtetemo hufika kwa muda wa dakika kumi tu. Lakini maji, ingawa katika kilindi hukimbia kwa mwendo wa ndege, yalihitaji saa nane na zaidi kufika pwani yetu. Basi habari ilikuwa imefika Kenya mapema sana kabla ya maji. Kulikuwa na nafasi ya kuamka, kuoga, kunywa chai, kusali, hata kuhubiri, na bado kuwaonya watu. Bahari ya Pasifiki ilikuwa na walinzi wake, wenye kituo huko Hawaii, tangu mwaka 1949. Bahari yetu ya Hindi haikuwa na tarumbeta.

Tangu hapo mambo yametengenezwa. Mataifa yanayozunguka bahari hii yaliungana chini ya Umoja wa Mataifa, na tangu mwaka 2011 Australia, India na Indonesia ndizo zinazopeleka maonyo kwa nchi nyingine. Hapa kwetu onyo hupokelewa na Idara ya Hali ya Hewa. Kilindini na Lamu kuna vyombo vya kupima kupwa na kujaa kwa bahari. Usiku huu tulipokuwa tumelala, palikuwa na watu waliokesha mbele ya vyombo. Wengi wao hatutawaona kamwe, nao hawatujui majina yetu.

Tusidhani kuwa mambo haya ni ya ng'ambo tu. Jumatano tarehe 12 Agosti 2020, kama saa mbili na robo usiku, tetemeko la kipimo kama cha 6 lilitokea baharini upande wa Dar es Salaam. Huku Mombasa lilisikika vizuri. Kwetu Tudor vikombe viligongana kabatini, na watu wa ghorofani waliteremka ngazi na watoto mikononi.

Na huko visiwani Komoro, karibu na Mayotte, ardhi ilianza kutikisika mwezi wa Mei 2018, ikaendelea mwezi baada ya mwezi. Tarehe 11 Novemba mwaka ule mtetemo wa ajabu, wa polepole kama mvumo wa ngoma ya mbali, uliizunguka dunia kwa muda wa dakika 20 hivi. Hakuna mtu aliyeusikia kwa mwili wake, lakini vyombo viliuandika, hata vya hapa Kenya. Mwezi wa Mei 2019 meli ya wachunguzi ilikwenda kutazama, ikakuta mlima mpya wa volkeno chini ya bahari, kama kilomita 50 mashariki ya kisiwa, wenye kimo cha mita 800 na zaidi. Mlima mzima ulikuwa umezaliwa gizani, na wavuvi wakipita juu yake kila siku. Aliyeujua ni yule tu aliyekuwa akitega sikio.

Wapenzi, mlima wa namna hiyo hukua pia katika nyumba za watu.

Tutawaambia jambo moja la aibu yetu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na kijana katika kwaya, mwenye sauti nzuri ya besi. Akaanza kuchelewa mazoezini. Kisha akakonda. Kisha saa ya mama yake ikapotea, na redio, na sufuria. Mmoja wetu alimwona kule chini kwenye mikoko ya hori, jioni, pamoja na wale wauzao unga. Mwingine alimkuta amesinzia mchana kutwa kwenye kibaraza cha duka. Kila mmoja wetu alikuwa na dalili yake, ameiandika moyoni kama vile chombo kinavyoandika mtetemo. Lakini hatukumwambia mama, kwa maana ni mjane, tuliona haya kumwongezea huzuni. Hatukumwambia kijana mwenyewe, tusije tukaonekana twamsengenya. Tulisema, "Mchungaji ataona." Mchungaji naye alidhani wazee wanalishughulikia.

Tulimzika siku ya Alhamisi. Baada ya maziko mama alitutazama mmoja mmoja, akauliza kwa sauti ya upole, "Ninyi mlijua?"

Hatukuwa na la kumjibu.

Labda mwasema, "Lakini kijana angeweza kukataa kusikia." Ni kweli. Huenda angekataa. Ezekieli naye aliambiwa kwamba wako watakaosikia tarumbeta wasijali. Lakini hilo halikuwa letu kuamua. Mlinzi hapimi kwanza kama watu watamsikiliza ndipo apige. Hupiga kwa sababu ameona.

Tena labda mwaogopa kupiga bure. Tarehe 11 Aprili 2012 lilitokea tena tetemeko kubwa baharini karibu na Sumatra, la kipimo cha 8.6. Onyo likaenea Bahari ya Hindi nzima, likafika na kwetu. Watu waliondoka ufuoni, na mawimbi yaliyokuja yalikuwa madogo. Wako walionung'unika kwamba wamepotezewa siku. Sisi hatukunung'unika. Tuliikumbuka ile sufuria ya pilau isiyoguswa, tukasema afadhali watoto wanune mara kumi kuliko kuzikwa mara moja.

Hapa lazima tuseme neno moja la kuonya, maana wako wahubiri wanaoharakisha. Nchi ikitikisika, husimama wakasema kwamba waliokufa walikuwa wenye dhambi kuliko wengine. Bwana Yesu alikataa jambo hilo. Katika Luka, mlango wa 13, anataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, na anasema wazi kwamba hawakuwa wakosaji kuliko wakaao Yerusalemu wote. Akawageukia waliokuwa wakimsikiliza, akawataka watubu wao wenyewe. Tena mtu akija kwako akakutajia siku na saa ya tetemeko lijalo, usimsadiki. Wataalamu wenyewe hawawezi kuitaja. Wanachoweza ni kukesha, kusikia upesi, na kusema upesi.

Na mlinzi naye ahitaji kutunzwa. Tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo huko Kongo ulipasuka jioni, na moto wake ukashuka kuelekea Goma, watu zaidi ya 30 wakafa. Mlima wenyewe haukutoa dalili nyingi. Lakini pia wataalamu wa kituo cha Goma walikuwa wamepungukiwa na fedha, hata kwa miezi mingi hawakuweza kupata barabara habari za vyombo vyao. Tusiwe watu wa kumlaumu mlinzi ambaye hatukumnunulia mafuta ya taa. Je, katika ushirika wako, yule mama anayewatembelea wagonjwa, yule mwalimu anayewafuata watoto walioacha shule, ni nani anayempa hata nauli?

Basi tufanye nini? Sisi hapa Tudor tumeamua mambo machache, wala si makubwa. Kila Jumatano baada ya maombi tunaulizana: nani hajaonekana? Nani ameanza kunyamaza? Aliyeona dalili haruhusiwi kuondoka nayo. Huenda kwa mtu mwenyewe kwanza, kwa siri na kwa upole, wala si sokoni. Asipoweza peke yake, hutafuta mwenzake. Mwaka jana tulimfuata kijana mwingine kule kule kwenye mikoko. Alitutukana. Tulirudi tena, akatutukana tena. Mara ya tatu alikubali kufuatana nasi hadi nyumbani kwao. Bado vita haijaisha, lakini yu hai, na mama yake anajua.

Yule mjane angali anaabudu pamoja nasi. Huketi benchi la tatu. Siku tulipotubu mbele ya ushirika, alisimama, akatupa mkono, mmoja mmoja. Hatukustahili mkono ule. Ndipo tulipofahamu kwamba hata mlinzi aliyenyamaza anaweza kusamehewa, ila akishasamehewa na arudi mahali pake pa kukesha.

Ndugu yangu, dada yangu, leo kabla jua halijazama, kuna jina lililokujia moyoni tulipokuwa tukisema. Usilizime pamoja na redio.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, wewe usiyesinzia, utusamehe kwa kuona na kunyamaza. Wabariki wote wakeshao usiku kwa ajili yetu, kwenye vyombo, hospitalini na baharini. Utupe macho ya kuona, upendo wa kutuongoza, na ujasiri wa kusema kabla maji hayajafika. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.