Meno Kabla ya Mionzi

Mtu aliyepatikana na saratani ya kinywa au ya koo aghalabu hudhani kwamba shauri lake li mikononi mwa tabibu mmoja. Kumbe popote atibiwapo, iwe hospitali ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam au kwingineko, huhitaji jamaa nzima ya waganga. Yupo mpasuaji wa masikio, pua na koo. Yupo daktari wa mionzi. Yupo wa dawa za saratani. Yupo mtaalamu wa lishe, kwa maana asiyeweza kumeza hudhoofu upesi. Na yupo mmoja ambaye watu humsahau, naye ni daktari wa meno.

Mwoneni huyo kabla ya mionzi. Mionzi ielekezwayo kinywani, pamoja na kuua saratani, yaweza kukausha mate, na meno yakosayo mate huoza upesi. Nao mfupa wa taya, ukiisha kupigwa na mionzi, hauponi kwa wepesi, hivyo jino liking'olewa baadaye, kidonda chaweza kukaa wazi miezi mingi. Jino bovu, basi, ling'olewe mapema, na ufizi upewe muda wa kupona. Narudia: kabla ya mionzi, si baada.

Ikiwa mionzi imekwisha pita, msikubali kung'olewa jino, hata na fundi mwenye sifa njema mtaani, pasipo kumwarifu kwanza daktari wenu wa saratani. Nanyi msiopimwa bado, mkiwa na kidonda kinywani au sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya majuma 3, nendeni hospitali juma hili hili.