ALIYEONA NI NANI?

Somo: Luka 10:25–37

Leo nataka tuzungumze juu ya watoto wetu, vitabu vyao na madaftari yao. Huenda ukasema kwamba hayo ni mambo ya mwalimu, si ya mhubiri. Nivumilie kidogo, maana mimi nilikuwa mwalimu kabla sijasimama hapa, na jambo nitakalowaambia lilinipata darasani.

Nilikuwa nikifundisha darasa la saba katika shule moja upande wa magharibi wa Nairobi, si mbali na Dagoretti Corner, pale Barabara ya Naivasha inapokutana na Barabara ya Ngong. Mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwa na karatasi ya insha, nasi walimu tulipigania alama. Niliwafundisha watoto kuipamba insha. Kila mmoja alijua kuanza na jua lililochomoza na ndege walioimba, kisha kutia methali tatu au nne. Wengine walikariri insha nzima, wakaiandika hiyo hiyo kwa swali lolote. Nami niliwapa alama nzuri, nikafurahi.

Siku moja, wakati wa mapumziko, pesa za mtihani za mtoto mmoja zikapotea darasani. Nilipouliza, sauti zikatoka kila upande zikitaja jina moja. Alikuwa mvulana mkimya, sweta yake imetoboka viwikoni, na mama yake aliuza mboga kando ya barabara pale Corner. Nikamsimamisha mbele ya wenzake. Nikapekua mkoba wake, nisikute kitu ila madaftari na kipande cha kiazi kitamu. Hata hivyo nikamwambia aende nyumbani, asirudi bila mzazi.

Kesho yake mama alifika mapema, kabla hajapanga mboga zake. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Mwalimu, aliyemwona mwanangu akichukua ni nani?"

Nikajibu, "Mama, darasa zima linasema ni yeye."

"Nimesikia kwamba wanasema, mwalimu. Lakini aliyeona ni nani?"

Sikuwa na jibu.

Niliingia darasani, nikamwambia kila mtoto aandike ukurasa mmoja juu ya yaliyotokea. Nilipozisoma karatasi zile niliona aibu. Jua lilichomoza humo, na ndege wakaimba. Mmoja aliandika kwamba yule mvulana ana macho ya mwizi. Mwingine alimaliza kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo nilimfundisha mimi, naye aliitumia kumhukumu mwenzake.

Basi nikagawa karatasi upya. Nikawaambia wapige mstari katikati, upande wa kushoto waandike "Niliona", na upande wa kulia "Nadhani". Methali wasitie, wala ndege. Na kila atakayeandika neno upande wa kushoto awe tayari kunieleza alikuwa wapi alipoliona jambo hilo.

Kalamu zilisita. Upande wa kulia ukajaa haraka. Upande wa kushoto, msichana mmoja aliandika kwamba alimwona mvulana yule akiingia darasani peke yake. Nikamwuliza alikuwa wapi saa ile. Akanyamaza, akafikiri, kisha akasema alikuwa uwanjani akicheza, naye aliambiwa na rafiki yake. Akaifuta sentensi yake kwa mkono wake mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu. Nilikuwa nimefundisha miaka kadhaa, lakini siku hiyo ndiyo nilipojua kwamba nimemfundisha mtoto kufikiri.

Tulipomaliza, hapakuwa na hata mmoja aliyeona. Nilimwita yule mvulana pamoja na mama yake, nikaomba msamaha mbele ya darasa lile lile. Pesa hazikupatikana, na ni nani aliyezichukua, mpaka leo sijui. Nalo hilo "sijui" ni neno ambalo sikuwa nimewafundisha kuliandika.

Ndugu msikilizaji, mtazame Bwana Yesu katika somo letu. Mwanasheria alimjia akitaka kujua afanye nini apate uzima wa milele. Yesu hakumpa jibu la kukariri. Alimrudishia maswali mawili: katika torati imeandikwa nini, naye anaisomaje. La kwanza lauliza yaliyomo ukurasani. La pili lauliza msomaji ameyaelewaje. Mwanasheria alitamka maandiko vizuri kabisa, maana aliyajua. Lakini mara akauliza jirani yake ni nani, ikaonekana kwamba neno lililokuwa mdomoni mwake alikuwa bado hajalifikiri. Ndipo Bwana akamsimulia habari za Msamaria, na mwisho akamwuliza tena, ili aamue mwenyewe ni yupi aliyekuwa jirani wa yule aliyejeruhiwa.

Pale pale Dagoretti Corner yako makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa. Wapimaji husoma vyombo vyao kwa saa zilizowekwa, wakaandika mvua imefika milimita ngapi, joto ni kiasi gani, na upepo unatoka wapi. Hawaandiki mvua ambayo mkulima anaitamani. Utabiri huja baadaye, nao hujengwa juu ya yaliyopimwa. Tungewacheka kama wangetabiri kwanza ndipo wakapime. Lakini sisi hufanya hivyo kila siku kwa majina ya watu.

Katika jiji letu mtu akipigiwa kelele ya mwizi kituoni, mawe huokotwa kabla swali halijaulizwa. Wako waliokufa hivyo bila hatia. Siku hizi kelele hiyo hupita pia katika simu, na kidole kimoja huituma kwa watu mia. Wengi wa wanaookota mawe walipita shuleni. Kusoma wanajua. Hawakufundishwa kuuliza, "Aliyeona ni nani?"

Mzazi, kazi hii haihitaji elimu kubwa. Yule mama hakuniletea cheti chochote, aliniletea swali. Jioni mtoto akimaliza kusoma, mwambie afunge kitabu akueleze kwa maneno yake mwenyewe. Akisema jambo, mwulize kwa upole, "Umejuaje?" Akisema hajui, usimcheke, maana hapo ndipo kujifunza kunapoanza. Mwache aandike sentensi tano tu za yale aliyoyaona siku hiyo, na kila moja awe anaweza kuitetea.

Nawe mwalimu mwenzangu, usimnyime alama mtoto aliyeandika kweli kwa maneno machache, ukampa yule aliyepamba asichokielewa. Methali ni mali yetu, tuwafundishe watoto kwa furaha. Lakini tuwafundishe pia kwamba methali si shahidi. Amri ya Mungu inayotukataza kumshuhudia jirani yetu uongo inahusu hata daftari la mtoto wa darasa la saba.

Na tuombe. Ee Baba, utusamehe sisi tuliowahukumu watu kwa maneno ya kusikia. Uwafariji wale walioaibishwa bila kosa, hasa watoto. Uwape walimu na wazazi subira ya kuuliza na kungoja jibu. Utufundishe kusema "niliona" pale tulipoona, na "sijui" pale tusipojua. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.