Ubao Ukivurugika: Kucheza Chesi Pande Mbili Zisipolingana
Mada kwa semina ya walimu wa chesi, Kikima, Kaunti ya Makueni

Ubao wa chesi huvurugika pale pande mbili zinapokuwa na mali za aina tofauti na mashambulizi yakakutana. Mmoja ametoa ngome akapata askofu na askari wawili. Mwenzake ana kete nyingi, lakini mfalme wake yuko wazi. Hesabu inayofundishwa siku ya kwanza (askari 1, farasi na askofu 3, ngome 5, malkia 9) hufaa ubao ukiwa umetulia. Kwenye vurugu hudanganya. Ngome iliyofungiwa pembeni nyuma ya askari wake haina thamani ya 5 hadi itakapopata njia ya kutokea, na huenda mchezo ukaisha kabla ya hapo.

Kikima, kama kwenye masoko mengine ya Ukambani, wapo wanaoingia chesi wakitokea drafti ya vifuniko vya soda. Huko kula ni lazima. Chesi haina sharti hilo, ila mkono umeshazoea: kete ikiachwa inaliwa kwanza, kufikiri kunafuata. Mwalimu asidhani ni tabia ya wanagenzi peke yao; hata bingwa wa dunia aliwahi kunaswa nayo.

Mwaka 1960, mjini Moscow, Mikhail Tal mwenye miaka 23 alipambana na bingwa wa dunia Mikhail Botvinnik. Katika mchezo wa 6 Tal, mwenye kete nyeusi, alimpeleka farasi wake f4 kwenye hatua ya 21, mahali ambapo askari wa g3 angemla bila taabu. Akaliwa. Ukumbi ulizizima kwa kelele hata wachezaji wakahamishiwa chumba cha nyuma. Tal hakupata kete ya kulingana na farasi huyo, alipata njia. Askari wake wa e5, aliyekuwa amemziba askofu wa g7, alitoka hapo kwa kulipiza f4, na askofu akaona hadi c3. Muda si mrefu malkia wote wawili walikuwa hatarini kwa pamoja: mweusi akiwindwa na ngome pale b2, mweupe akiwindwa pale e2 na askari aliyefika f3. Botvinnik akamla malkia. Wake naye akaliwa, na askari mweusi akasimama e2, hatua moja tu kabla ya kugeuka malkia. Baadaye Botvinnik akashindwa mchezo huo.

Wachambuzi walionyesha kwamba mweupe angemtumia askofu kumla kwanza askari wa f3, angebaki na hali bora. Kafara ya Tal, basi, ilikuwa na kasoro. Iliponea kwenye ugumu wa maswali iliyozusha, saa ikizidi kuyoyoma.

Mchezaji aliyejikuta kwenye hali hiyo aanze na wafalme: yupi anaweza kufikiwa, na kwa kete ngapi? Kisha ahesabu hatua za nguvu za mpinzani kabla ya zake, yaani kumtishia mfalme, kula, na kumwinda malkia. Kila anapoona cha kula ajiulize kama kitakuwepo bado hatua moja baadaye. Mara nyingi kipo.

Anayeshambuliwa ana silaha nyingine, ambayo walimu huisahau: kutoa mali kwa hiari. Zurich, 1953, Tigran Petrosian alibanwa na askari wa katikati wa Samuel Reshevsky. Akaipeleka ngome yake e6, iliwe na askofu, ili farasi wake apate kupita hadi d5 na kuwazuia askari wale. Hakuna aliyemlazimisha. Mchezo ukaisha sare.

Kuikwepa vurugu nako ni ustadi. Tal alitwaa ubingwa wa 1960 kwa pointi 12½ dhidi ya 8½. Mwaka uliofuata Botvinnik alirudi akiwa amejiandaa kuuelekeza mchezo kwenye hali tulivu na miisho yenye kete chache. Alishinda 13 kwa 8.