Mkono Unaomfundisha Mtoto Kusimama

Somo: Hosea 11:1-4

 

Katika sura ya 11 ya kitabu chake, nabii Hosea anamweleza Mungu kwa njia ya ajabu. Hamwonyeshi hapo akiwa mfalme kitini wala jemadari vitani. Anamwonyesha akiwa mzazi aliyemshika mtoto wake mikono, anamfundisha kwenda. Kila aliyelea mtoto anaijua kazi hiyo. Mgongo unauma kwa kuinama, mtoto anayumba, anaanguka puu, anainuliwa tena. Kwa watoto wengi, kazi hiyo huisha baada ya miezi michache. Leo nataka tuwafikirie wazazi ambao kwao kazi hiyo huchukua miaka.

Nawasema wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo. Katika watoto hawa, ubongo uliumia au haukukua sawasawa, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au mapema baada ya hapo. Pengine mtoto alikosa hewa mama alipokawia katika uchungu. Pengine alizaliwa kabla ya wakati wake. Pengine alikuwa na umanjano mkali siku za kwanza usitibiwe, au alipata homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Mara nyingine chanzo hakijulikani. Jeraha lenyewe haliongezeki, lakini pia haliondoki. Amri zinazotoka ubongoni hufika miguuni zikiwa zimevurugika. Msuli huu unakaza mno, ule unalegea. Akiketi, anaangukia upande. Akisimama, anasimama kwa ncha za vidole, na upepo mdogo tu ungemwangusha.

Ndugu msikilizaji, jambo la kwanza ni lawama. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana Yesu alilikataa swali hilo. Lakini katika vijiji vyetu bado linaulizwa. Watu husema ni laana ya ukoo, au ni mama aliyevunja mwiko. Baba mwingine huhama nyumba. Mtoto hufichwa chumba cha nyuma, wageni wasimwone. Sasa fikirini: mtoto aliyelazwa chumbani hajifunzi kuketi, na misuli iliyokaza huzidi kukaza. Kwa hiyo lawama hiyo humwibia mtoto siku zake. Na siku hizo hazingoji. Watoto wengi wenye hali hii hupata sehemu kubwa ya uwezo wao wa kwenda kabla ya kutimiza miaka 5 hivi. Ukiona mtoto wa miezi minne haishiki shingo yake, au wa miezi tisa hawezi kuketi, usingoje jirani aseme. Mpeleke kliniki.

Jambo la pili ni tiba yenyewe. Hospitali kuu ya kaunti pale Nakuru, ile iliyoitwa zamani Hospitali ya Mkoa, ina wataalamu wa tiba ya viungo. Wengi wetu hudhani kazi yao ni kumlaza mtoto, kumkanda na kumnyoosha miguu, naye ametulia tu. Lakini utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba kunyooshwa peke yake hakumfundishi mtoto kusimama. Hujifunza kwa kutenda mwenyewe, tena kwa kutenda jambo analolitaka.

Basi mtaalamu humketisha mtoto juu ya kigoda kifupi, nyayo zote mbili zikigusa chini. Humshika kiunoni, kisha huweka kitu anachokipenda, labda kikombe chekundu, kando kidogo, mbali kuliko mkono wake unavyofika. Mtoto anaegemea ili akichukue. Uzito wake unahamia upande mmoja, anakaribia kuanguka, na katika kukaribia huko mwili wake unatafuta njia ya kurudi katikati. Hapo ndipo anapojifunza kujisawazisha. Kesho kikombe huwekwa upande wa pili. Baadaye ataketi na kusimama, kuketi na kusimama, mara kumi. Baadaye atasimama mbele ya meza, na baadaye atakwenda hatua za ubavu akishika ukuta.

Na angalieni mkono wa mtaalamu. Kwanza unashika kifua. Mtoto akipata nguvu, unashuka hadi kiunoni, kisha nyongani, mwisho ni kidole kimoja tu kinachogusa. Mkono unaokaza siku zote haumfundishi mtoto kitu, kwa maana unajisawazisha kwa niaba yake. Mkono unaoachia ghafla humtia hofu, na mtoto mwenye hofu hukaza zaidi. Kazi yote iko katika kujua ni lini kulegeza, na kulegeza kiasi gani.

Jambo la tatu: kazi hii haiishii hospitali. Juma moja lina saa 168. Mama anayetoka Subukia na mtoto wa miaka sita mgongoni, akapanda matatu na kupanga foleni, ataonana na mtaalamu kwa muda mfupi tu. Saa nyingine zote ni za nyumbani. Haba na haba hujaza kibaba. Mwulize mtaalamu akuonyeshe mambo mawili au matatu, nawe uyatie katika kazi za kila siku. Mtoto asimame akishika meza anapooshwa uso. Aketi kigodani, asilale, wakati wa kumenya maharagwe, naye atupe maganda kikapuni. Fito mbili laini, zikifungwa imara juu ya vigingi uani, kwa kimo cha nyonga zake, zinatosha kuwa njia ya kujifunza kwenda. Usimwinue kwa kumvuta mkono. Akilia kwa maumivu, acha, ukaulize. Na baba, hii si kazi ya mama peke yake. Mtoto anazidi kuwa mzito, na mgongo wa mama ni mmoja.

Sasa niseme neno gumu. Si kila mtoto atatembea. Wako watakaotembea wenyewe, wako watakaotumia magongo, na wako watakaohitaji kiti cha magurudumu maisha yao yote. Mhubiri anayemwambia mama aache kliniki kwa sababu ameombewa, huyo anamtwika mama mzigo ambao yeye mwenyewe hataubeba. Tuombe, naam, tuombe bila kuchoka, na kesho asubuhi kigoda kiwe mahali pake. Mtoto anayejifunza kuketi imara amepata jambo kubwa. Sasa hula kwa usalama zaidi, mikono yake huwa huru kushika kijiko na kalamu, na huwatazama watu usoni. Anaweza kuketi darasani. Tangu mwaka 1984 nchi yetu imekuwa na vituo vya elimu vya kuwapima watoto wenye ulemavu na kuwaelekeza shule zinazowafaa. Ulizeni ofisi ya elimu iliyo karibu. Na misuli ikiwa imefupika hata mazoezi hayatoshi, iko hospitali ya CURE pale Kijabe, iliyofunguliwa mwaka 1998, inayowapasua watoto wenye ulemavu wa viungo.

Jambo la mwisho ni letu sisi kanisa. Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu alichukuliwa na watu wanne, wakafika hata kubomoa dari. Wanne, wapendwa, si mama mmoja. Je, akina mama wa kanisa lako wanaweza kuchanga nauli ya kwenda Nakuru mara moja kwa mwezi? Je, wanaume wa KAMA, miongoni mwenu hamna seremala wa kutengeneza kiti chenye mkanda na meza ndogo? Je, mlangoni pa kanisa kuna ngazi tatu na hakuna njia ya kiti cha magurudumu? Je, yuko binti wa kukaa na mtoto yule saa moja Jumamosi, mama apate kulala? Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Mwanzoni mwa juma hili, nenda ukabishe hodi katika nyumba moja unayoijua. Usiende na maswali. Nenda na mikono miwili.

Na tuombe. Ee Baba, wewe unayetushika tunapoyumba, uwatie nguvu wazazi wanaoinama kila siku juu ya watoto wao. Uwape wataalamu subira. Uwape watoto furaha katika kila hatua, hata ile ndogo isiyoonekana na jirani. Nasi utuondolee lawama midomoni, ukatufanye watu wanne wa kubeba. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki. Kwaherini.