Figo na Ukoo: Ugonjwa wa Kurithi si Uchawi

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wanakisomo, Dodoma)



Tunajua huu ni wakati wa kupalilia, na kila saa mnayokaa hapa imetolewa shambani. Kwa hiyo hatutazunguka. Leo tunazungumza juu ya figo, na hasa juu ya ugonjwa wa figo ambao mtoto huupata kwa mzazi wake, kama anavyopata sura na urefu.

Kwanza tuseme wazi: sisi wa Elimu ya Watu Wazima si waganga, sisi ni walimu. Haya tumeyapata kwa kuwauliza waganga wa hospitali na kwa kusoma. Wazee waliomo humu wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi vikundi kando ya redio wakajifunza habari za malaria, kichocho na safura, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kazi yetu ya leo ni ile ile, ila ugonjwa huu hauzuiwi kwa choo. Unataka mtu aujue ukoo wake.

HABARI YA UKOO MMOJA

Katika kijiji kimoja tulichofundisha, hatukitaji jina, palikuwa na mzee mwenye watoto watano. Mzee yule alipofika miaka hamsini hivi akavimba miguu na uso, akakosa hamu ya kula, akafa. Watu wakasema ni kazi ya Mungu. Miaka ikapita. Mtoto wa kwanza alipofika arobaini na mitano naye akavimba vile vile, akafa. Kisha mtoto wa pili akaanza kulalamika mbavu na kukojoa damu.

Hapo maneno yakaanza. Watu wakamtazama shangazi yao, dada wa marehemu mzee. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini, analima, anateka maji, haumwi kitu. Wakasema, "Mbona yeye hafi? Kaka kafa, watoto wa kaka wanakwisha, yeye anazidi nguvu!" Basi uzima wake ndio ukawa kosa lake. Usiku mmoja mawe yakapigwa juu ya bati lake. Asubuhi akafunga mzigo akaenda kukaa kwa mtoto wake wilaya nyingine.

Aliyeufungua mkasa huu alikuwa mtoto wa tatu, mama mmoja mwanakisomo. Alikwenda zahanati kwa sababu ya kichwa kuuma. Wakampima presha, wakaikuta iko juu sana. Wakamwandikia barua ya rufaa. Huko mjini akapigwa picha ya tumbo kwa mashine ya altrasaundi. Daktari akaona figo zake zote mbili zimejaa vifuko vya maji, vingi, vikubwa na vidogo. Akamwuliza, "Mama, nyumbani kwenu nani mwingine alikufa kwa figo?" Mama yule akaanza kuhesabu kwa vidole. Daktari akaweka kalamu chini akamsikiliza.

FIGO HUFANYA KAZI GANI?

Kila mtu ana figo mbili, moja kila upande wa uti wa mgongo, chini ya mbavu. Kila moja ina ukubwa kama wa ngumi yako. Mmewahi kuchuja togwa? Kichujio huzuia machicha, maji hupita. Figo nayo ni kichujio cha damu. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana karibu milioni 1. Takataka za mwili na maji yaliyozidi hutoka kama mkojo, damu safi hurudi mwilini. Tena figo husaidia kupanga presha na kusaidia mwili kutengeneza damu.

Katika ugonjwa wa mama yule, vifuko vya maji huota ndani ya figo na kukua polepole, mwaka hadi mwaka, vikibana vichujio. Mtu anaweza kuishi miaka thelathini asijue kitu. Presha hupanda kwanza. Baadaye huja maumivu ya mbavu, damu katika mkojo, au mawe ya figo. Karibu nusu ya wagonjwa hawa figo zao huchoka kabisa wanapofika miaka 60. Wengine huzeeka nazo.

UNARITHIWA NAMNA GANI?

Chukueni sarafu ya shilingi 200. Upande mmoja yupo Mzee Karume, upande wa pili wapo simba. Ukiirusha juu, hujui utaangukia upande gani. Ndivyo ulivyo urithi wa ugonjwa huu. Maagizo ya kuujenga mwili wetu huitwa vinasaba. Kila kinasaba tunacho viwili viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Mzazi mwenye ugonjwa huu ana kimoja kizima na kimoja chenye kasoro. Kila mtoto anapotungwa mimba, ni kama sarafu imerushwa. Akipata kizima, amepona. Akipata chenye kasoro, ataupata ugonjwa.

Angalieni mambo manne hapa.

La kwanza, sarafu hurushwa upya kwa kila mtoto. Watoto watano wanaweza kuupata wawili, au wanne, au asiupate hata mmoja. Hakuna zamu.

La pili, baba au mama, yeyote anaweza kuutoa, na mtoto wa kiume au wa kike, yeyote anaweza kuupokea. Msiseme ni ugonjwa wa upande wa mama, wala wa upande wa baba tu.

La tatu, asiyekirithi kinasaba hicho hana cha kumpa mtoto wake. Yule shangazi sarafu yake iliangukia upande mwema. Ndiyo sababu hakuumwa, na watoto wake hawana hofu ya ugonjwa huo. Hakuchukua nguvu za mtu. Alikuwa na bahati tu, na bahati si uchawi.

La nne, mara chache, kama mgonjwa 1 katika 10, ugonjwa huanza kwa mtu ambaye wazazi wake hawakuwa nao. Kwa hiyo msimkane mtoto eti kwa kuwa ukoo wenu hauna figo mbovu.

Wataalamu waliuona mwendo huu wa urithi zamani. Mwaka 1994 wakakitambua kinasaba cha kwanza cha ugonjwa huu, na mwaka 1996 cha pili.

Uko pia ugonjwa mwingine wa kurithi unaoumiza figo, nao tunaujua zaidi hapa kwetu: selimundu. Huo mwendo wake ni tofauti. Lazima baba na mama wote wawe wamebeba kasoro, na hapo kila mtoto ana nafasi 1 katika 4 ya kuumwa. Mtoto mwenye selimundu mara nyingi hukojoa sana, hata kitandani, kwa sababu figo zake hazishiki maji sawasawa. Wazazi humchapa wakidhani ni uvivu. Jamani, msimchape. Mpelekeni akapimwe damu.

KUPIMA VINASABA SI KUTAFUTA BABA

Tukitaja vinasaba, au DNA kama inavyosemwa redioni, akina baba hutazama chini na akina mama hukasirika. Wote wanafikiri habari ya kumtafuta baba wa mtoto. Hapana, ndugu zetu. Hayo ni maswali mawili tofauti. Kipimo cha figo huangalia kinasaba cha figo. Halafu nchi yetu ina sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na shughuli hizo husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Una haki ya kuuliza: damu yangu inapimwa nini, na nani atayaona majibu?

Je, kila mtu apimwe vinasaba? La. Kipimo hicho ni cha ghali, na zahanati haina. Kwa watu wengi altrasaundi inatosha. Ikiwa mzazi ana ugonjwa na figo za mtoto mkubwa zina vifuko, jibu limepatikana.

Lakini kuna mahali ambapo vinasaba husaidia sana. Rudini kwa yule mama. Mdogo wake, kijana wa miaka 22, alisema, "Dada, figo zako zikishindwa nitakupa moja ya kwangu." Maneno ya upendo. Akapigwa picha, figo zake zikaonekana safi. Je, imekwisha? Bado. Kwa kijana, vifuko vinaweza kuwa havijaota. Akitoa figo moja leo, halafu ugonjwa ukajitokeza baadaye, tutakuwa na wagonjwa wawili badala ya mmoja. Hapo ndipo kipimo cha vinasaba humwambia daktari kama kijana anaweza kutoa, au atafutwe ndugu mwingine aliyekwisha vuka miaka 40 na figo zake ni safi.

Tena mtu asilazimishwe kupimwa. Wako wanaotaka kujua, wako wasiotaka. Lakini hata asiyetaka kipimo apime presha kila mwaka.

TIBA IKO WAPI?

Zamani mgonjwa wa kupandikizwa figo alipelekwa India. Mwezi Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza nchini. Mwezi Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa hapa Dodoma, karibu na Chuo Kikuu, ikafanya wa kwake, ikisaidiwa na wataalamu kutoka Japani. Hospitali hiyo hiyo ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Kwa hiyo mtu wa Bahi, Kongwa, Mpwapwa au Kondoa hana haja ya kuvuka bahari ili aonwe na bingwa wa figo.

Lakini msiende moja kwa moja na mkungu wa ndizi mkononi kama mnaokwenda kusalimia. Anzeni zahanati. Pimeni presha, mkojo na damu. Chukueni barua ya rufaa. Na chukueni kitu kimoja ambacho zahanati haiwezi kuwapa: karatasi ya ukoo.

Karatasi hiyo ni kazi yetu sisi tuliojifunza kusoma na kuandika. Juu andika babu na bibi wa pande zote mbili. Chini yao wazazi, shangazi, wajomba, baba wadogo, mama wadogo. Chini yao ndugu zako na watoto. Kwa kila mmoja andika: yu hai au amekufa, alikuwa na umri gani, aliumwa nini. Kama hujui jina la ugonjwa, andika mlichokiona: "alivimba", "alikojoa damu", "alianguka ghafla". Bingwa akiisoma karatasi hiyo anapata kwa dakika tano habari ambazo mashine haziwezi kumpa.

Figo zikishindwa kabisa, damu husafishwa kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, karibu saa 4 kila mara. Ni gharama kubwa, na kwa mtu wa kijijini nauli peke yake ni mzigo. Hatutawaficha hilo. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ulizeni ofisi ya kijiji jinsi ya kujiunga kabla hamjaugua.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Punguzeni chumvi, na magadi katika mlenda, maana magadi nayo hupandisha presha kama chumvi. Kunyweni maji safi, isipokuwa aliyekatazwa na daktari. Msinywe vidonge vya maumivu kila siku, hasa diklofenaki na ibuprofeni, maana huumiza figo. Na dawa za mizizi usizozijua, usinywe. Aliyeandikiwa dawa za presha azinywe kila siku, hata anapojisikia mzima. Hakuna tunachoweza kukifanya nyumbani kinachosaidia figo hizi kuliko kushika presha.

Mama yule anafanya hivyo. Kaka yake wa pili alifariki, alichelewa. Yeye anahudhuria kliniki, analima bustani, na karatasi ya ukoo ameibandika ndani ya daftari lake la kisomo. Watoto wake wawili wakubwa wamepigwa picha, mmoja anavyo vifuko, mmoja bado hana.

Na shangazi? Walimwendea wote kwa pamoja wakamwomba msamaha, wakamrudisha. Alikubali. Nyumba yake ilikuwa imekwisha bomoka ukuta mmoja, wakaijenga. Lakini alisema neno moja ambalo tunawaachia: "Mngelijua haya mapema, mwanangu wa pili angelikuwa hai, nami nisingelilala njiani."

Kabla hatujaachana, jadilini katika vikundi vyenu:

1. Katika ukoo wako, nani walikufa kwa kuvimba au kwa presha? Walikuwa na umri gani?
2. Mzee asiyeumwa katika ukoo wenye ugonjwa, tumtazame namna gani?
3. Nani katika kikundi ataandika karatasi za ukoo kwa wale wasiojua bado kuandika?

Tunawatakia kupalilia kwema.