Chupa ya Kikohozi: Kilichokuwa Ndani Zamani na Kilichomo Leo

(Hotuba iliyotolewa na kikundi chetu cha afya katika mikutano ya akina mama, vijana na wazee wa kanisa, pande za Meru na Embu)



Tunawashukuru kwa kuja, ingawa tunajua majani chai hayangoji mtu na mahindi yako shambani. Leo hatukuja na habari za choo wala za maji. Tumekuja kuzungumza juu ya kitu kidogo ambacho kiko karibu katika kila nyumba hapa, juu ya kabati au nyuma ya sufuria: chupa ya dawa ya kikohozi.

Sasa mtu atauliza, hiyo nayo ni habari gani? Mtoto akikohoa si unampa kijiko, analala, basi? Ni neno hilo hilo "analala" lililotufanya tulete hotuba hii. Tuanze mbali kidogo, kisha turudi nyumbani.

Kasumba ni nini?

Sisi sote tumesikia watu wakisema fulani ana kasumba ya kikoloni. Maana yake ni kwamba akili yake imelazwa, haoni mambo yalivyo. Lakini kasumba ni kitu cha kweli. Ni utomvu wa mmea wa afyuni. Tunda lake bichi huchanjwa kwa kisu, utomvu mweupe hutoka, hukauka na kuwa kahawia, kisha hukwanguliwa. Utomvu huo huondoa maumivu, huleta usingizi, hufunga tumbo la kuhara, na hutuliza kikohozi. Kwa hiyo waliozoea kusema kasumba hulaza watu walijua wanasema nini.

Watu wa kale waliitumia kama dawa kwa maelfu ya miaka. Huko Ulaya iliyeyushwa katika pombe kali ikaitwa laudanum. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mjerumani mtengeneza dawa aliyeitwa Friedrich Sertürner alitoa ndani ya afyuni ile nguvu yake yenyewe, akaipa jina kutokana na mungu wa ndoto wa Wagiriki. Hiyo ndiyo mofini. Mwaka wa 1832 Mfaransa Pierre-Jean Robiquet akapata nguvu nyingine ndani ya afyuni hiyo hiyo, nayo ni kodeini. Tafadhali likumbukeni jina hilo, tutalirudia.

Dawa zilizouzwa kama sukari

Katika miaka hiyo kifua kikuu na homa ya mapafu viliua watu wengi sana Ulaya na Marekani. Hapakuwa na dawa ya kuviponya. Mgonjwa alikohoa usiku kucha na jamaa zake hawakulala. Kwa hiyo kitu chochote kilichonyamazisha kikohozi kilinunuliwa upesi.

Mnamo mwaka wa 1848 daktari wa jeshi la Waingereza huko India, John Collis Browne, alichanganya afyuni, bangi na klorofomu, akaiita Chlorodyne. Aliitengeneza kwa ajili ya kipindupindu, lakini baadaye iliuzwa kwa kikohozi, kuhara, kukosa usingizi na maumivu ya kila namna. Ilisambaa katika nchi zote za himaya ya Uingereza, na wasafiri wengi waliibeba katika masanduku yao ya dawa.

Huko Marekani, kuanzia mwaka wa 1849, iliuzwa dawa ya watoto iliyoitwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup. Picha za matangazo yake zilionyesha mama mwenye furaha na mtoto aliyetulia. Ndani yake mlikuwa na mofini na pombe. Mtoto aliyelia kwa sababu ya meno alipewa kijiko, akanyamaza. Wengine walinyamaza kabisa, hawakuamka tena. Mwaka wa 1911 chama cha madaktari wa Marekani kiliitaja dawa hiyo waziwazi kuwa muuaji wa watoto, na bado iliendelea kuuzwa kwa miaka kadhaa baadaye.

Na mwaka wa 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilitoa sokoni dawa mpya ya kikohozi, ikasema ni salama kuliko mofini. Mnajua iliitwaje? Heroini. Ndiyo, heroini hii hii inayowamaliza vijana wetu huko Mombasa na Lamu. Ilianza kama dawa ya kifua. Bayer waliacha kuitengeneza mwaka wa 1913, lakini mbegu ilikuwa imeshapandwa.

Chupa zenyewe zinatufundisha

Tazameni picha hii tunayoipitisha. Hii ni chupa ya sumu ya Uingereza ya zamani. Ni ya buluu iliyokoza, ina pembe sita, na ubavuni ina mistari iliyoinuka. Kwa nini? Kwa sababu hapakuwa na umeme. Mama alipoamka usiku kumtafutia mgonjwa dawa gizani, mkono wake ulipogusa ile mistari ulimwambia: Acha, hii ni sumu. Hata asiyejua kusoma alionywa na vidole vyake.

Sasa tazameni picha ya pili. Chupa hii ni laini, kioo chake kinapitisha nuru, na jina la mwenye dawa limechomoza kwa herufi nzuri. Hakuna mistari, hakuna onyo. Hii ndiyo aina ya chupa iliyobeba mofini ya watoto. Sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1868 ilidai afyuni iuzwe na wenye maduka ya dawa tu, tena iandikwe kuwa ni sumu, lakini dawa zilizokuwa na majina ya biashara ziliachwa zipite. Huko Marekani ni sheria ya mwaka wa 1906 iliyowalazimisha watengenezaji kuandika juu ya chupa kama ndani mna afyuni, mofini, heroini au pombe. Kabla ya hapo mama alinunua jina na picha, hakujua ananunua nini.

Mnaona jambo hilo? Kilichomwokoa mtu hakikuwa uzuri wa chupa. Kilikuwa ni kuambiwa ukweli juu ya kilichomo.

Habari hii na sisi

Dawa ya kizungu ilipofika kwetu ilifika ndani ya chupa. Dkt. Archibald Clive Irvine wa misheni ya Kanisa la Scotland alifika Chogoria mwaka wa 1922, na Wamethodisti walianzisha hospitali ya Maua baadaye katika miaka hiyo ya 1920. Hospitali hizi zimeokoa maisha ya watu wengi na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini chupa ilileta mazoea pia. Wazee wetu hapa wanakumbuka kwenda zahanati na chupa yako mwenyewe mkononi. Ilikuwa ya soda, au ya mafuta ya kupikia iliyooshwa kwa majivu. Muuguzi alimimina dawa kutoka chupa kubwa, ukarudi nyumbani. Dawa ikiisha, chupa ilitiwa mafuta ya taa, na ile ya mafuta ya taa ikatiwa dawa ya kupe. Kioo hakikutupwa. Ni akiba nzuri, lakini ndiyo maana hata leo tunasikia mtoto amekunywa dawa ya ng'ombe akidhani ni soda. Chupa zetu hazina ile mistari ya kuonya vidole.

Na kuna mazoea mengine. Kikohozi kikija, tunakimbilia kemisti tu. Tunasema, "Nipe ile ya kikohozi, ile kali." Hatuulizi ndani mna nini.

Tuwape habari moja, bila kutaja jina wala kijiji. Baba mmoja alikohoa tangu kupanda hadi kuvuna. Kila wiki alinunua chupa. Alilala vizuri, kwa hiyo alifikiri anapona. Mke wake alimwona anakonda, akamwambia twende hospitali, naye akajibu kwamba dawa inamsaidia. Alipopimwa makohozi mwishowe, ilikuwa ni kifua kikuu, na mjukuu aliyelala naye chumba kimoja alikuwa ameshaambukizwa. Chupa haikumponya. Ilinyamazisha kengele tu huku nyumba ikiungua. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hakuyaficha kwa kupenda, dawa ndiyo iliyomfichia.

Kodeini, ndugu ya mofini, bado iko katika baadhi ya dawa za kikohozi. Ikiingia mwilini, sehemu yake hugeuka kuwa mofini. Kuna watu ambao miili yao huigeuza upesi sana, na kwa mtoto wa namna hiyo kijiko kimoja au viwili vinaweza kumpunguzia pumzi mpaka asimame kupumua. Kwa sababu hiyo wasimamizi wa dawa wa Ulaya mwaka wa 2015, na wa Marekani mwaka wa 2017, walisema mtoto wa chini ya miaka 12 asipewe kodeini kwa kikohozi. Kwetu Kenya dawa hizi zinatakiwa kuuzwa kwa cheti cha daktari.

Vijana, nanyi msikilize. Mnajua kuna wanaokunywa chupa nzima wapate kulewa, kwa sababu hainuki kama chang'aa na mama hawezi kugundua. Nigeria ilipiga marufuku kutengeneza na kuingiza dawa za kikohozi zenye kodeini mwezi wa Mei 2018, baada ya kuona vijana wengi wanaharibika. Anayezoea hawezi kuacha kwa siku moja. Mwili humdai kama mwenye deni. Tusimcheke mtu huyo wala kumfukuza kanisani. Tumpeleke kwa wahudumu wa afya, tumshike mkono.

Je, afyuni ni ya shetani?

Hapana. Tusitoke hapa tukiwa na hofu isiyo na maana. Mofini, ikitolewa na wanaojua kipimo chake, ni rehema kubwa. Mgonjwa wa saratani anayelia kwa maumivu usiku na mchana anaweza kupewa mofini ya kunywa hospitalini au hospisi, akapata kulala, akaongea na watoto wake, akaomba. Mkimwona mzee wenu amepewa, msiimwage mkidhani mnamwokoa. Ubaya hauko katika mmea. Uko katika kumpa mtu kitu chenye nguvu bila kumwambia, bila kipimo, na kwa ugonjwa usiojulikana.

Tufanye nini nyumbani?

1. Ukinunua dawa ya kikohozi, soma maandishi ya chupa au mwambie mwanafunzi akusomee. Tafuta neno codeine. Uliza, "Hii ni ya umri gani?" Kuuliza si kukosa adabu.

2. Usimpe mtoto dawa ili alale. Mafua ya kawaida huisha yenyewe. Mpe maziwa ya mama, maji na uji. Aliyepita mwaka mmoja anaweza kupewa asali ya Mbeere au Tharaka ndani ya maji ya vuguvugu yenye limau. Asiyefika mwaka mmoja asipewe asali kamwe.

3. Hesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11, zikifika 50, na wa mwaka mmoja hadi mitano, zikifika 40, ana pumzi za haraka. Hizo, au kifua kinachobonyea ndani anapovuta pumzi, ni dalili za homa ya mapafu. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua kwa taabu, usihesabu, nenda mara moja.

4. Mtu mzima akikohoa kufikia wiki mbili, au akiona damu, jasho la usiku au kukonda, apimwe kifua kikuu bila kungoja zaidi. Dawa yake katika hospitali za serikali haina malipo. Ukianza, umalize miezi yote. Uchunguzi uliofanywa hapa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 ndio uliosaidia kuionyesha dunia kwamba matibabu ya miezi 6 yanaweza kuponya, badala ya mwaka mmoja na zaidi.

5. Fungueni madirisha ya jikoni. Moshi wa kuni ni mama wa kikohozi.

6. Chupa ya dawa ikiisha, isitiwe mafuta ya taa wala dawa ya mifugo. Na dawa ya mifugo isitiwe katika chupa ya soda hata siku moja. Ikae mahali pa juu, pamefungwa.

Wapendwa, akina mama wa Ulaya na Marekani wa wakati ule hawakuwa wajinga, na waliwapenda watoto wao kama ninyi mnavyowapenda wenu. Walinyimwa habari tu. Sisi habari tunayo. Kikohozi ni mjumbe. Kabla hujamfunga mdomo, msikilize kwanza amekuja na ujumbe gani.

Mungu awabariki.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Je, nyumbani kwetu kuna chupa ngapi za dawa ambazo hatujui ndani mna nini? Tutazifanyia nini wiki hii?

2. Ni nani katika kijiji chetu amekohoa zaidi ya wiki mbili, na nani atamsindikiza hospitali?

3. Kikundi chetu kinaweza kumsaidiaje kijana aliyezoea dawa bila kumwaibisha?