Mzazi wa Ruthu

Somo: Ruthu 1:1-18; 2:11

Mimi ni Mkatoliki. Mchungaji wa kanisa alikoolewa binti yangu ameniomba nizungumze nanyi asubuhi ya leo, nami nimekubali, maana nina jambo la kuungama.

Nyumbani kwangu ni karibu na soko la Chepilat, mpakani mwa Nyamira na Bomet. Upande mmoja ni sisi Wakisii, upande wa pili ndugu zetu Wakipsigis. Mvua yetu ni moja, na wote twachuma majani chai. Lakini mwaka 1992, na tena mwanzoni mwa 2008 baada ya uchaguzi, nyumba zilichomwa mpakani na watu wakauawa. Kwa hiyo binti yangu aliposema anaolewa na kijana wa ng'ambo, tena Mprotestanti, nilikataa. Nilitaja dini. Moyoni nilijua kwamba dini ni nusu tu ya sababu.

Nikaenda kwa padre, nikitumaini atakuwa upande wangu. Nikamwambia kijana atie sahihi kwamba watoto watabatizwa kwetu. Padre akanieleza kwamba sharti hilo liliondolewa zamani. Katika barua ya Papa Paulo VI ya mwaka 1970 juu ya ndoa mseto, anayeahidi ni yule Mkatoliki: kushika imani yake, na kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa lake. Mwenzake huelezwa ahadi hiyo, hatakiwi kuahidi. Tena askofu akitoa ruhusa, arusi yaweza kufungwa katika kanisa la Kiprotestanti.

"Mzee," akaniuliza, "unaogopa nini hasa?"

Sikumjibu.

Ruhusa ikaja. Ng'ombe wa mahari wakavuka barabara mchana, wakiswagwa polepole. Wazee wetu walizoea kusikia ng'ombe wakivuka mpaka ule usiku, wakiwa wameibwa.

Siku ya arusi niliketi benchi la mbele. Nyimbo zao sikuzijua. Baada ya sala mkono wangu ulipanda wenyewe kufanya ishara ya msalaba, nikauona uko peke yake. Mchungaji alihubiri habari za Ruthu, jinsi alivyoambatana na Naomi. Nikajiuliza: je, wazazi wake? Boazi asema kwamba Ruthu aliwaacha baba yake na mama yake. Baada ya hapo hawatajwi tena. Nikaona kwamba mimi ndiye yule mzazi aliyebaki Moabu, na machozi yakanitoka.

Lakini nikaona na tofauti. Ruthu alitoka katika nchi ya Kemoshi. Binti yangu hakumwacha Mungu wake hata hatua moja. Kristo aliyemjua kwetu alikuwa amemtangulia ng'ambo.

Baada ya chakula baba wa kijana, ambaye ni mzee wa kanisa, alikuja akaketi karibu nami. Akasema, "Nami niliogopa, mzee. Nilidhani mnamchukua kijana wangu." Tukanyamaza pamoja kitambo.

Sasa mjukuu yuko njiani. Atabatizwa wapi? Binti ana ahadi yake, mumewe ana dhamiri yake, nao wangali wanazungumza. Sisi wazee wawili tumeahidiana kutowasukuma. Si rahisi. Kila wanapokuja kutuamkia, naumeza ulimi wangu.

Mzazi mwenzangu, labda nawe umekataa arusi ya mtoto wako kwa jina la Mungu. Jiulize swali la yule padre. Kama ni hofu ya kweli juu ya imani ya mwanao, mpelekee Bwana kwa maombi. Kama ni kinyongo cha zamani, usikivike kanzu ya dini.

Tuombe. Ee Baba, watoto hawa ni wako kabla hawajawa wetu. Utufundishe kuwaachilia bila kuacha kuwapenda. Ulinde mpaka wetu, na nyumba za pande zote mbili. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.